Mvinje au mkaratusi? Kuchagua mti wa shamba la Pwani ukihesabu na wadudu walioko njiani

Mjomba wangu ana ekari tatu nyuma ya Kikambala, shamba aliloachiwa na babake, minazi michache na magugu mengi. Juzi alinipigia simu nikiwa kwenye feri, Likoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nisikiza, nataka kutia miti ya boriti. Kuna kijana hapa aniambia mkaratusi wa kisasa wakua mbio kuliko mvinje. Wewe wasemaje?"

Watu wengi hapa Mombasa wenye shamba upande wa Kilifi au Kwale huniuliza swali hilohilo, na kila mara huwa ni swali la mbio na bei: upi utakatwa mapema, upi utauzika. Mimi huanza kwingine. Huuliza mti huo umeacha maadui gani kwao, na maadui hao sasa wamefika wapi.

Mkaratusi kwao ni Australia, na huko wapo wadudu chungu nzima wanaoishi kwa kuutafuna. Ulipovushwa bahari ukiwa mbegu, wadudu walibaki nyuma. Ndiyo maana mkaratusi wa Brazil, wa Afrika Kusini au wa Kakamega hunyooka na kunenepa upesi kuliko ndugu zake walioko kwao. Yuko likizo, na likizo ina mwisho. Siku mdudu wake akipata usafiri, atakuta shamba la mti mmoja, wa umri mmoja, mara nyingi wa ukoo mmoja kabisa, na hakuna ndege wala nyigu wa kumzuia. Sinia ya pilau isiyofunikwa, na nzi ni mmoja tu aliyekwisha jua njia.

Kenya tumeshaonja haya, ingawa bara zaidi kuliko huku kwetu. Misitu ya serikali ya nyanda za juu ilianza na msaipresi (cypress) wa kigeni aina ya macrocarpa. Ugonjwa wa vidonda vya gome ukaumaliza, wakahamia lusitanica. Msonobari wa radiata nao ulipandwa kwa wingi hadi miaka ya 1960, kuvu wa Dothistroma akachoma majani yake, ukaachwa. Kisha mwaka 1990 kidukari wa msaipresi, aliyekuwa ameonekana Malawi mwaka 1986, akaingia Kenya na kukausha lusitanica ileile iliyokuwa kimbilio. Mara tatu wataalamu walichagua mti kwa kasi yake, mara tatu wakakimbizwa na kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Na sisi watu wa Mombasa tumekaa mlangoni. Kunguru hawa wanaotunyang'anya samaki Marikiti si wa kwetu, walishuka Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na hapa wakaonekana mwaka 1947. Mdudu wa mahindi ambaye wakulima walimbandika jina la Osama, yule anayeacha gunzi likiwa unga, kwao ni Amerika ya Kati. Aliingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983. Bandari ya Kilindini inahudumia Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki, na chini ya kila mashine au vigae vinavyoshushwa pana paleti ya mbao. Mbawakawa wa kutoboa miti husafiri humo. Tangu mwaka 2002 kuna kanuni ya kimataifa inayotaka mbao hizo zipashwe joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, joto lifike kwenye kiini, au zifukizwe dawa, kisha zigongwe mhuri wenye suke la ngano. Paleti ya Mombasa haitupwi: hugeuka kitanda, banda la kuku, kuni. Ukiiona haina mhuri na ina matundu yanayomwaga unga mpya, ichome. Usiipeleke shamba kutengenezea uzio.

Ila si wote wanaopita bandarini. Nyigu wa majani hapandi paleti, yeye hupanda mche. Hapo ndipo ulinganisho wenyewe unapoanzia.

Mkaratusi

Sifa zake ni za kweli. Hukua haraka, shina hunyooka, na ukiukata kisiki huchipua, kwa hiyo unapanda mara moja unavuna zaidi ya mara moja. Ile aina ya kisasa aliyoambiwa mjomba ni machotara ya grandis na camaldulensis, yaliyoanza kuletwa Kenya kutoka Afrika Kusini mwaka 1997 kwa vipandikizi, si kwa mbegu. Kwa joto letu la Pwani ni lazima damu ya camaldulensis iwemo, maana grandis peke yake hupenda baridi na mvua.

Taabu ni kwamba damu hiyohiyo ndiyo inayopendwa na nyigu wa vinundu, Leptocybe invasa. Ni mdudu wa kahawia mwenye mng'ao, wa milimita moja na kidogo. Majike huzaa bila kungoja dume, hutaga mayai kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye vikonyo vichanga, na pale hutokea vinundu mfano wa harara. Jani hujikunja, ncha hudumaa, mche mchanga hugeuka kichaka. Aligunduliwa nchi za Mediterania mwaka 2000, mwaka 2002 akawa amefika magharibi mwa Kenya na Uganda, na wanasayansi walimpa jina mwaka 2004. Soma tena miaka hiyo: alikuwa ameshaingia mashambani kwetu kabla hajapewa jina. Na hushamiri zaidi nyanda za chini zenye joto. Yaani kwetu.

Pia zile sifa za kuchipua hugeuka. Baada ya kukata, kisiki hutoa machipukizi laini kwa wingi, na hayo ndiyo chakula chake anachokipenda kuliko vyote.

Upande wa pili wa mzani, mkaratusi umefanyiwa utafiti kuliko mti mwingine wowote wa kupandwa huku kwetu. Mbawakawa wa mkaratusi, Gonipterus, aliingia Afrika Kusini mwaka 1916. Miaka kumi baadaye akaletwa kutoka Australia nyigu mdogo anayetaga ndani ya mayai yake, na mbawakawa akapungua hadi kusahaulika sehemu nyingi. Alipofika Kenya mwaka 1944, dawa ilikuwa inajulikana. Kwa Leptocybe nako, Afrika Kusini ilianza kuachilia nyigu adui yake, Selitrichodes neseri, mwaka 2012. Watafiti wa miti wa Chuo Kikuu cha Pretoria wamekuwa wakisema kwa miaka sasa kwamba nchi moja haiwezi kujilinda peke yake, kwa sababu mdudu akishazoea nchi moja, nchi hiyo hugeuka kituo chake cha kurukia nyingine. Nadhani wana haki, na mfuatano wa tarehe za Leptocybe watosha kuwa ushahidi.

Kuna jambo moja la mkaratusi ambalo sijasikia kijana yeyote wa kuuza miche akilitaja. Mkaratusi ni jamaa wa mpera, mzambarau na mkarafuu. Kuvu wa vidonda vya gome anayeshambulia mikaratusi, Chrysoporthe, yuko pia kwenye mikarafuu ya Zanzibar, na kwenye mikaratusi ameonekana Kenya, Malawi na Msumbiji. Tena kuna kutu ya njano iliyoelezwa mara ya kwanza kwenye mpera huko Brazil karne ya 19, ikahamia mikaratusi, ikaonekana Hawaii mwaka 2005, Australia mwaka 2010 na Afrika Kusini mwaka 2013. Ukipanda mkaratusi karibu na mizambarau ya nyanya yako, umeweka nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Nikiona unga wa njano kama manjano ya kupikia kwenye majani machanga ya mpera, sitasubiri. Nitampigia afisa wa kilimo siku hiyohiyo.

Mchwa nao, huyu mwenyeji, hula miche ya mkaratusi mwaka wa kwanza kuliko ya miti mingi. Usisahau kumtia kwenye hesabu.

Mvinje

Hapa nakiri upendeleo. Nimekulia Kisauni, na mivinje ya Bamburi ndiyo ilinifundisha kwamba jiwe laweza kuwa msitu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipojaribu kupanda miti kwenye machimbo ya saruji, mahali palipobaki mwamba wa matumbawe na maji ya chumvi, alitia aina 26 na nyingi zikafa. Mvinje ukasimama. Mizizini unakaa na vijidudu vinavyouwekea nitrojeni, kwa hiyo hauhitaji udongo mnono. Majani yake yalipojaa chini bila kuoza, waliletwa majongoo wakubwa wenye miguu myekundu, hawa tunaowaita treni ya Mombasa, wakayala na kuyafanya udongo. Leo hapo ni Haller Park, watoto wa shule huenda kuangalia twiga.

Kwa biashara, mvinje una soko ambalo halihitaji kuelezwa. Fito za kujengea, pau, boriti za nyumba za makuti, nguzo za kushikilia zege linapomwagwa ghorofani: nenda yadi yoyote ya boriti kisiwani au ng'ambo utaukuta umepangwa. Unaanza kupunguza fito mwaka wa pili au wa tatu, na boriti mwaka wa nne hadi wa sita. Upepo wa chumvi hauudhuru.

Wadudu wakubwa wa majani kwenye mvinje wetu ni wachache ukilinganisha na mkaratusi. Kitaluni chungu hubeba mbegu zake, ambazo ni ndogo kama vumbi, na miche hulala kwa kuvu ukimwagilia kupita kiasi. Shambani pana nyenje wanaokata mche na mbawakawa wachache wa kutoboa shina. Hao ni maadui wa nyumbani, wanavumilika.

Wasiovumilika sifa zao zimetoka zaidi ng'ambo ya bahari, na wote ni wa ndani ya shina. India kuna ugonjwa wa malengelenge ya gome: kuvu hukaa chini ya gome, gome huvimba, hupasuka na kumwaga vumbi jeusi kama masizi, na mti hukauka ukiwa umesimama. Kusini mwa China tangu miaka ya 1960 mivinje ya kuzuia upepo wa pwani imekuwa ikifa kwa mnyauko wa bakteria wa Ralstonia. Na kisiwa cha Guam, ambako mvinje ni mti wa asili kabisa, kuanzia mwaka 2002 imekuwa ikipukutika. Waliochunguza wakakuta bakteria huyohuyo pamoja na kuvu wa kuozesha shina na mchwa.

Jina la Ralstonia si geni kwa mkulima wa nyanya. Ni jamii ileile inayoziangusha nyanya na bilingani mchana kweupe, jioni zikiwa bado mbichi. Kwa hivyo nilimuuliza mjomba, kile kipande cha karibu na kisima kiliwahi kulimwa nyanya? Akasema ndiyo, na mwaka mmoja zilianguka zote. Basi hapo usitie mvinje. Si kwamba nina hakika bakteria wa nyanya zake ndiye atakayeua mti. Ni kwamba ana kipande kingine, kwa nini ajaribu bahati? Njia ya kupima ni rahisi. Kata kipande cha shina lililonyauka, kining'inize kwenye bilauri ya maji safi dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, ni yeye.

Kasoro kubwa ya mvinje si mdudu. Mvinje wetu wa kawaida ukikatwa hauchipui vizuri; kila mavuno, miche mipya. Kwa upande wa magonjwa hilo lina nafuu yake, maana kila awamu unaweza kubadilisha mbegu au kuruka mahali palipougua. Kuna mvinje mwingine wa Indonesia, junghuhniana, unaotoa machipukizi mizizini, na ukiupata kwenye kitalu kinachoaminika changanya nao kidogo.

Mwarobaini

Watu hushangaa kusikia mwarobaini una wadudu, wakati majani yake ndiyo tunayofukizia mbu na kuhifadhia nafaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mdudu wa magamba, Aonidiella orientalis, alikausha mwarobaini katika bonde la Ziwa Chad, nchi kadhaa kwa mpigo. Ni kijidudu kilichojifunika gamba kama chembe ya nta na kunyonya utomvu tawini, na hushambulia hata mipapai. Uchungu wa jani haumhusu.

Kwa Pwani bado nauona kama mti wa kuaminika kwa kivuli, nguzo na mbao za kuchonga. Wachonga vinyago wa Changamwe waliukimbilia mwarobaini pale mpingo na muhugu ilipoadimika. Lakini usiupande shamba zima, na usiupande kabisa ikiwa shamba lako linapakana na kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, au msitu mwingine. Popo na ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu msituni, na miti ya asili hubanwa. Hapo mdudu wa kigeni ni mti wenyewe.

Msaji

Sitakawia. Kwanza unangoja miaka 20 na zaidi, na unataka udongo wa kina, si mchanga juu ya matumbawe. Pili, kiwavi wake, Hyblaea puera, anaujua vizuri: Nilambur, India, ambako msaji umepandwa tangu miaka ya 1840, vipimo vilionyesha msitu mchanga ulioliwa ulipoteza karibu asilimia 44 ya mbao ambazo ungezitoa. Kiwavi huyo pia hula mchu, mmojawapo wa miti ya mikoko, na amewahi kuivua majani mikoko ya Mumbai. Mwenye shamba kando ya mto wa Mtwapa au Tudor afikirie hilo. Kutu ya msaji nayo ilivuka kutoka Asia hadi Amerika ya Kati mwaka 2003. Kama una subira na udongo, sawa. Mjomba ana miaka 68.

Na miti ya asili?

Wapo watakaosema: acha ya kigeni yote, panda mvule, mbambakofi. Moyo wangu uko nao, ila mvule ukipandwa peke yake kwa mistari huvamiwa na Phytolyma, mdudu mdogo wa kwetu kabisa, anayefanya vinundu kwenye machipukizi hadi mche unaoza. Msituni mvule huota mmoja hapa, mwingine kule, mdudu anapotea njia. Dosari iko kwenye mistari, si kwenye asili ya mti. Mvule tia mitatu minne chini ya kivuli cha miti mingine, wajukuu watakushukuru.

Aliyepata somo hili zamani ni mfugaji wa Mtwapa. Lusina ilipigiwa debe miaka ya 1980 kama mti wa kila kitu: malisho, kuni, mbolea. Kisha kijidudu cha kunyonya machipukizi kikatoka Amerika, Hawaii mwaka 1984, Ufilipino mwaka uliofuata, kikavuka Asia na visiwa vya Bahari ya Hindi, na mwaka 1992 kikawa pwani ya Kenya na Tanzania. Miaka minane kuzunguka dunia. Lusina haikufa yote, lakini ile ahadi ya ng'ombe kushiba mwaka mzima ilinyonywa pamoja na majani.

Tulivyopanga

Kwa shamba kama la mjomba nachagua mvinje kuwa mti mkuu, mkaratusi kuwa wa pembeni. Sababu si kwamba mvinje hauna adui. Maadui wake wakubwa wana njia chache za kufika shambani, hasa mche na udongo uliobebwa, ambazo mkulima anaweza kuzifunga mwenyewe. Wa mkaratusi ameshaingia, anaruka, na anapenda joto letu. Mwenye shamba la bara zaidi, Kinango au Bamba kwenye ukame, hesabu yake ni nyingine na huko ningeanza na mkau wa Ukambani.

Tukakubaliana ekari moja na nusu ya mvinje, mita mbili kwa mbili, kama miche elfu moja kwa ekari, lakini nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao, na kila nusu mbegu yake itoke mahali tofauti. Mwarobaini mstari mmoja upande wa barabara. Mkaratusi robo ekari, mbali na kisima, aina mbili au tatu zilizochanganywa. Kilichobaki kiwe minazi yake na mihogo.

Jumamosi tukaenda kitaluni, kimoja cha kando ya barabara ambacho sitakitaja. Muuzaji alitupokea vizuri, "Karibuni wazee, hii yote ni kloni safi." Mjomba akachukua mche wa mkaratusi, akageuza jani dhidi ya jua kama nilivyomwonyesha. Mshipa wa kati ulikuwa na vinundu saba, baadhi vya kijani, viwili vyekundu vyenye tundu dogo kama la ncha ya sindano. Tundu maana yake nyigu ameshatoka. Akachukua wa pili, wa tatu. Ileile.

"Wazee, hii si kasoro ya jua?" muuzaji akauliza badala yetu, akicheka kidogo.

Mjomba akaurudisha mche taratibu, akapangusa mikono kwenye kanzu, tena akarudi akajikung'uta mabega kama mtu aliyetoka kwenye siafu. Halafu akauliza bei ya mivinje ya mstari wa nyuma, akaing'oa miwili kwenye karatasi kuangalia mizizi, akanusa udongo, na kuuliza umetolewa wapi. Muuzaji hakujua. Tuliondoka mikono mitupu, na sasa ana tuta la mbegu zake mwenyewe nyuma ya jiko, kafunika kwa makuti na kuzungushia jivu chungu wasibebe.